Umetazama video kumi, umekumbuka ngapi?

Kijana wa Langas hapa Eldoret ananunua data, anatazama somo la saa mbili kuhusu kuuza bidhaa mtandaoni, anaandika noti safi, analala akijua ameiva. Wiki ikiisha, muulize alichojifunza. Atakutajia jina la mwalimu. Data imeisha, pesa imeenda, kichwani hakuna kitu.

Usijiite mjinga, msee. Mnamo 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona tunasahau sana saa na siku za kwanza, kisha kasi inapungua. Pia aliona kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku tofauti kunashinda kukariri kwa mpigo mmoja.

Mnamo 2006, watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani walilinganisha wanafunzi waliosoma makala tena na tena na wale waliojipima bila kuyaangalia. Dakika tano baadaye, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki, waliojipima waliwapita. Ndiyo maana kurudia video kunakudanganya: unaizoea, unadhani unaijua.

Basi tazama dakika ishirini, weka simu kando, jieleze kwa sauti. Jiulize tena kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu wiki. Kujiuliza hakuli data.

Na wewe unayeuza viatu vya mitumba kwenye WhatsApp? Kubandika picha thelathini Jumatatu halafu kupotea hadi mwisho wa mwezi ni kukaririsha wateja kwa mpigo. Makanga anajua siri hii: jina la steji ni lile lile, kila siku, hadi linakukaa kichwani. Weka picha moja kwa siku, jina moja fupi, rangi zile zile. Mnamo 1968, Robert Zajonc alionyesha kuwa kitu tunachokiona mara nyingi huanza kutupendeza.

Lakini hapo ndipo noma ilipo. Uongo nao ukirudiwa huanza kuonekana kweli, na matapeli wanalijua hilo. Mji huu unafahamu machungu ya ahadi za masomo na kazi za ng'ambo. Tangazo ukiliona mara ya kumi, jiulize: nimelithibitisha, ama nimelizoea tu? Jibu lipate kabla hujatuma pesa.