Ndoo ya Messi na siri ya dhahabu ya kuchovya

ILE picha ya Lionel Messi akiinua Kombe la Dunia Uwanja wa Lusail, iliyopata 'likes' zaidi ya milioni 70 Instagram, ina kasoro moja. Kombe alilolishika halikuwa lenyewe.

Lilitengenezwa na mashabiki, mume na mke kutoka Argentina, kwa rezini na kwatzi, likapakwa rangi ya dhahabu. Desemba 18, 2022, baada ya Ufaransa kufa kwa penalti 4-2, waliwapa wachezaji walisaini. Likapita mkono kwa mkono hadi kwa nahodha, naye akashangilia nalo kama kawaida. Baadaye ndipo watu wakashtuka kwamba uwanjani kuna ndoo mbili.

Usimcheke Messi. Hata kombe ambalo mabingwa huondoka nalo kihalali si lile tunalolijua.

Kombe lenyewe lina urefu wa sentimita 36.8, uzito wa kilo 6.175, na ni la dhahabu ya karati 18, yaani asilimia 75 ni dhahabu. Bingwa analibusu, anapiga nalo picha, kisha FIFA wanachukua chao. Anachobaki nacho ni nakala ya shaba, shaba kama ya medali ya mshindi wa tatu, iliyochovywa dhahabu. Wajerumani waliishangilia yao kwa nguvu mwaka 2014 hadi ikameguka kipande. Rais wa shirikisho lao wakati huo, Wolfgang Niersbach, akatangaza kwamba mafundi wameshairekebisha.

Kuchovya kwenyewe si uchawi, masonara wanakufanya kila siku kwa hereni na mikufu. Kitu kinaning'inizwa kwenye maji yenye chumvi za dhahabu, umeme unapitishwa, na dhahabu inahama kutoka kwenye maji kwenda kukishika. Utando wake ni mwembamba kuliko unywele. Lakini dhahabu haishiki kutu, hivyo utando huo tu unatosha kulifanya kombe ling'ae kabatini miaka na miaka, ilimradi lisisuguliwe ovyo. Medali ya dhahabu ya Olimpiki nayo ni hivyo hivyo: fedha yenye gramu zisizopungua sita za dhahabu juu.

Kuna watu utando huo uliwaponza. Kombe la kwanza la dunia, Jules Rimet, kazi ya Mfaransa Abel Lafleur, lilikuwa fedha iliyopakwa dhahabu. Brazil walipolibeba mara ya tatu mwaka 1970, kina Pelé wakapewa jumla. Likawekwa makao makuu ya shirikisho lao, Rio de Janeiro. Mbele kioo cha kuzuia risasi, nyuma mbao tu! Desemba 19, 1983 wezi wakang'oa mbao, wakasepa nalo. Halijaonekana tena, na wengi wanaamini liliyeyushwa. Kama ni kweli, jamaa waliua jasho la Wabrazil la 1958, 1962 na 1970 ili wapate bonge la fedha na dhahabu kiduchu.

Waingereza walikuwa wajanja zaidi. Kombe hilo hilo liliibwa London Machi 1966, mbwa Pickles akaliokota likiwa limefungwa kwenye gazeti. Baada ya hapo FA wakatengeneza nakala kimyakimya, nayo ikapakwa dhahabu, wakawa wanaionyesha badala ya lenyewe. Ilifanana kiasi kwamba kukawa na uvumi: huenda Brazil walipewa nakala na kombe lenyewe limebaki Uingereza.

Mwaka 1997 nakala hiyo ikapigwa mnada London. Makadirio yalikuwa pauni 20,000 hadi 30,000. FIFA, uvumi ukiwa masikioni, wakapanda dau hadi pauni 254,500 na kuichukua.

Wakaipeleka kupimwa. Ilikuwa nakala.