Kobalti Ndani ya Mkojo: Kazi ya Profesa Banza Lubaba Nkulu

Mwaka 2009 jarida la sayansi liitwalo Environmental Research lilichapa utafiti juu ya mkojo wa watu 351 wa Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo. Jina la kwanza katika orodha ya watafiti lilikuwa la Célestin Banza Lubaba Nkulu, mtaalamu wa sumu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Alifanya kazi hiyo na wenzake wa hapa, akiwemo daktari wa watoto Oscar Numbi Luboya, pamoja na Wabelgiji, akiwemo Benoit Nemery wa Chuo Kikuu cha Leuven. Walipima metali 17 kwa wakaazi wa sehemu kumi. Arobaini kati yao waliishi kilomita 400 hivi nje ya eneo la migodi, wakawa wa kulinganishia. Waliokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikutwa na kobalti, shaba, risasi, kadmiamu, aseniki na uraniamu kupita wale wa mbali. Na kobalti yao ilikuwa ya juu kuliko yote iliyokuwa imeripotiwa duniani kwa raia wa kawaida, watu ambao hawakuajiriwa kuishika kobalti kiwandani.

Kwetu Bel-Air, katika komini ya Kampemba mjini Lubumbashi, habari hiyo ingestahili kujulikana nyumba kwa nyumba. Imejulikana zaidi Ulaya.

Ukubwa wa kazi hiyo unaonekana ukikumbuka kilichoitangulia. Kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza, mji wenyewe ukiwa na umri wa mwaka mmoja tu. Tangu hapo kila kipande cha jiwe kilichotoka ardhini kilipimwa: asilimia ya shaba, ya kobalti, ya unyevu. Wataalamu wa mimea nao walijua tangu zamani kwamba vilima vyetu vina maua yanayopenda udongo wenye shaba, kama Haumaniastrum katangense, na kwamba palipo na ua hilo huenda kuna madini chini. Jiwe lilipimwa na jani likapimwa, lakini mtu anayeishi juu ya udongo huo, anayekula mboga zake na kuvuta vumbi lake, alisubiri karibu miaka mia moja kabla mwili wake haujapimwa kwa mapana namna hiyo.

Kwa nini mkojo? Kobalti inayoingia mwilini kwa chakula au kwa pumzi hupita kwenye damu, kisha figo huichuja. Sehemu kubwa hutoka ndani ya siku chache. Kwa hiyo mkojo wa leo unaeleza juma lililopita, na kwa mtu anayekula mboga zilezile na kulala chumba kilekile unaeleza maisha yake ya kila siku. Hauchomi kama sindano, na hata mtoto anaweza kuutoa. Ila una matatizo mawili. La kwanza ni maji: aliyekunywa sana asubuhi mkojo wake ni mwepesi, na metali zitaonekana chache kuliko zilivyo. Wakemia hulitatua kwa kupima pia kriatinini, taka ya misuli ambayo kila mwili huitoa kwa kiasi kinachokaribia kuwa kilekile kila siku, kisha wanaandika kobalti kwa kila gramu ya kriatinini. La pili ni vumbi lenyewe. Mtu anayetoka uani na vidole vyekundu akishika mdomo wa kikopo, chembe chache zikiangukia ndani, kipimo kimeharibika. Kitasoma udongo wa nje badala ya mwili. Ndiyo maana wakusanyaji husisitiza mikono ioshwe kwanza na kikopo kifungwe papo hapo. Sehemu kama zetu, hatua hiyo ndogo ndiyo inayotenganisha ushahidi na uvumi.

Hapa inafaa kutazama pwani kidogo, kwa kulinganisha. Julai 2020 meli Wakashio ilikwama kwenye mwamba huko Morisi, na Agosti mafuta yapatayo tani 1,000 yakamwagika kwenye maji ya matumbawe. Dunia nzima iliona, kwa kuwa mafuta yanajionyesha: yanaelea, yananuka, yanawapaka ndege weusi. Mkemia wa bahari anaweza hata kutambua yametoka meli gani kwa kupanga molekuli zake na kuzilinganisha na za tangi. Na ingawa hasara ni kubwa, wapo bakteria wanaoyala mafuta. Jua na mawimbi husaidia. Baada ya miaka, sehemu kubwa ya molekuli zile imevunjika ikawa kitu kingine.

Kobalti haivunjiki. Ni elementi, na hakuna mdudu wala jua litakaloigeuza kuwa kitu kingine. Inachoweza kufanya ni kuhama, au kubadili hali: ikikutana na asidi inayeyuka na kusafiri na maji, ikikutana na chokaa inaganda na kutulia kwenye tope. Viwanda vyetu vya kisasa vinatumia asidi ya sulfuriki kuitoa shaba na kobalti kwenye jiwe. Maji machafu ya kiwanda yakitoka bila kutiwa chokaa ya kutosha, metali zilizomo zimeyeyuka kabisa, na maji yanaweza kuonekana safi machoni. Mtu hataziona mtoni kama anavyoyaona mafuta. Atazikuta kwenye mboga, au hatazikuta kamwe mpaka apimwe.

Metali huhama kwa hewa pia: moshi wa tanuru la zamani la Gécamines, kampuni iliyorithi Union Minière, ulisukumwa na upepo wa kusini-mashariki kwa miongo mingi, ukaangusha metali zake upande wa kaskazini-magharibi, kuelekea Penga Penga, ambako ardhi ilibaki wazi kwa kuwa miti imeshindwa kuota. Bel-Air haikuwa kwenye njia hiyo. Lakini Kampemba ina kartiye Industriel, na Tshamilemba, jirani zetu, wameishi ukuta kwa ukuta na uchakataji wa shaba, wakilalamikia hewa inayowasha koo na maji yanayotoka upande wa kiwanda. Ramani ya zamani ya moshi mmoja haitoshi tena kwa mji ambao viwanda vimetawanyika ndani yake.

Baada ya 2009, swali lililofuata lilikuwa njia. Kobalti inaingiaje? Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa na kundi hilohilo pamoja na wataalamu wa udongo wa Leuven, ulifuatilia chakula, maji, vumbi na hewa. Wengi wetu tungetaja maji ya kunywa kwanza. Jibu likawa kwamba, karibu na viwanda, mboga zinazolimwa palepale zina mchango mkubwa, na kwa watoto linaongezeka vumbi lenyewe, kwa kuwa mtoto hucheza chini na mkono wake unarudi mdomoni mara nyingi kwa saa moja.

Chukua fungu la lengalenga la sokoni. Liweke kwenye beseni, limwagie maji, litikise. Maji yanakuwa mekundu, na chini kunabaki mchanga laini ambao ukiusugua kwa kidole hausikii punje. Vumbi hilo ni sehemu moja ya metali za kwenye mboga ile, na linaondoka: osha mara mbili, mara tatu, mpaka maji yatulie. Sehemu ya pili haitoki kwa kuosha. Mzizi umeinywa pamoja na maji ya udongo na sasa iko ndani ya jani. Majani kama lengalenga na sombe hukusanya zaidi kuliko punje za mahindi, kwa hiyo bukari haina mashaka makubwa kama kitoweo chake. Nani atamwambia mama wa Kampemba aache mboga za majani, ambazo ndizo chuma na vitamini za watoto wake? Mimi siwezi. La maana ni mboga hiyo inalimwa wapi na inanyweshwa kwa maji gani, na hilo ni jukumu la wenye mamlaka ya ardhi na mito kuliko la mnunuzi mwenye faranga zake mkononi.

Kobalti kidogo mwili unaihitaji: ipo katikati ya vitamini B12. Nyingi ni balaa la namna nyingine. Katikati ya miaka ya 1960, huko Quebec nchini Kanada, watengenezaji wa bia walitia chumvi ya kobalti kinywajini ili povu lidumu. Wanywaji wakubwa wakaanza kuugua moyo, na wengi wakafa. Wanywaji wale walikuwa pia na lishe duni, jambo ambalo huenda liliipa sumu nguvu. Sisi tunaoishi na watoto wenye utapiamlo tusilipite haraka. Kobalti inaweza pia kudhuru tezi la shingo, na ikivutwa kama vumbi, mapafu.

Halafu ikaja Kasulo. Mwaka 2014 katika kartiye hiyo ya Kolwezi, kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za watu. Mashimo yakachimbwa uani, ndani ya parseli, hata sebuleni. Banza Lubaba Nkulu na wenzake walipima wakaazi 72, wakiwemo watoto 32, wakawalinganisha na watu 25 wa kartiye ya jirani isiyochimbwa. Matokeo yalitoka mwaka 2018 katika Nature Sustainability: kobalti ilikuwa juu zaidi kwa watu wa Kasulo, zaidi sana kwa watoto, na mkojo wa watoto hao ulionyesha dalili za DNA iliyoharibiwa na oksijeni kali. Dalili hiyo haimaanishi kwamba mtoto ana saratani. Inamaanisha kwamba seli zake zinafanya kazi ya ziada ya kujitengeneza, kila siku, akiwa na umri ambao hakupaswa kubeba mzigo huo.

Utafiti ninaoukumbuka kila ninapopita mlango wa maternite ni ule wa Lubumbashi yenyewe, uliochapishwa mwaka 2020 katika Lancet Planetary Health. Kuanzia 2013 hadi 2015 watafiti, kati yao Tony Kayembe-Kitenge wa hapa na Daan Van Brusselen wa Ubelgiji, waliwachunguza watoto 138 waliozaliwa na kasoro za mwili zinazoonekana, pamoja na 108 waliozaliwa bila kasoro. Watoto ambao baba zao walifanya kazi zinazohusiana na madini walikuwa na uwezekano mara 5.5 zaidi wa kuwa katika kundi la kwanza. Namba hiyo isomwe kwa uangalifu, kwa sababu watoto waliopimwa si wengi: ukweli wake unaweza kuwa popote kati ya mara 1.2 na mara 25. Uhusiano ni wa kuaminika. Ukubwa wake bado haujulikani sawasawa. Tena, kobalti kwenye damu ya mama haikutofautiana kwa makundi hayo mawili. Katika damu ya kitovu ni manganizi iliyojitokeza, na zinki kwa udhaifu zaidi. Kwa hiyo anayesema "kobalti ndiyo inayolemaza watoto wetu" amekwenda mbele ya ushahidi, na anayesema hakuna kitu ameukimbia.

Kwa nini baba? Huenda ni mbegu yake iliyoguswa na metali. Huenda ni nguo: vumbi la kazini linalorudi nyumbani kwenye suruali na viatu, likafuliwa na mke mjamzito ndani ya beseni lilelile la nguo za watoto. Njia hizi mbili zinaweza kwenda pamoja. Ya pili tunaweza kuifunga bila kusubiri utafiti mwingine: mwajiri aweke bafu na sehemu ya kubadilishia nguo kazini, na nguo za kazi zifuliwe hukohuko. Kwa mchimbaji mdogo asiye na mwajiri, angalau viatu na nguo vibaki nje, vioshwe peke yake, na asimbebe mtoto kabla hajaoga. Utafiti huohuo ulikuta mama waliotumia vitamini wakati wa ujauzito walikuwa na hatari ndogo zaidi.

Kazi ya kuponya udongo nayo imeanza. Wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Mylor Ngoy Shutcha na wenzake, walijaribu Penga Penga kupanda miti na majani yanayovumilia shaba, wakitia mboji na chokaa ili metali zishikwe chini zisiruke na upepo. Metali haziondoki, zinatulizwa.

Kinachoniuma zaidi ni safari ya vile vikopo. Mashine iliyosoma metali kwenye mkojo wa Katanga iko Ubelgiji. Inachoma sampuli katika gesi ya agoni yenye joto la maelfu ya digrii, kisha inapanga atomi kwa uzito wake. Inahitaji agoni safi, umeme usiokatika na fundi wa kuihudumia, na kila kimoja ni kigumu Lubumbashi. Hata hivyo mkoa huu unasafirisha kobalti, katika nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na tangu mwaka 2018 amri ya serikali chini ya sheria ya madini inaiita mali ya kimkakati inayotozwa mrabaha wa asilimia 10. Tani zake zinapimwa hapahapa kabla ya lori kuondoka. Maji machafu yakimwagika leo Kampemba, mkojo wa watoto walioyakanyaga uchukuliwe juma hilihili, maana baada ya hapo figo zimeshafuta sehemu kubwa ya ushahidi. Sampuli inayosubiri ndege, kibali na bajeti ya mradi wa nje haiwezi kuiwahi figo.

Wakati mashine hiyo haijafika, kuna jambo lisilohitaji agoni wala umeme. Kwenye fishi ya CPN, yaani kliniki ya wajawazito, pale mkunga anapoandika umri wa mama na idadi ya mimba, iongezwe mistari miwili: baba anafanya kazi gani, na mboga za nyumbani zinalimwa karibu na mto gani.