Radi ya mchezoni inaruka. Ya kweli je?

Baadhi ya vijana wetu wametuuliza kuhusu uchawi wa radi katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974. Tuanzie hapo, kisha twende shambani.

Wachezaji husimulia hadithi na kurusha dadu. Mchawi akitupa radi ya mnyororo, inampiga adui mmoja, halafu inarukia wengine hadi watatu walio ndani ya futi 30 kutoka kwake, yaani kama mita 9. Hizo ni sheria za toleo la 2014. Katika matoleo ya zamani iliruka kutoka kwa mmoja hadi mwingine, ikipungua nguvu kila ilipotua, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo tamu zaidi. Vyovyote iwavyo, mchezaji mjanja hasongamani na wenzake.

Radi ya kweli haimchagui mtu, lakini kuruka inaruka. Ikipiga mti, umeme unaweza kumrukia aliyejikinga chini yake, na mwingine husambaa ardhini. Ng'ombe huumia sana kwa sababu miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana: umeme hupanda huku, hupita kifuani, hushukia kule. Agosti 2016, huko Hardangervidda nchini Norway, tukio moja la radi liliua kulungu 323 wa nchi za baridi.

Kwa hiyo mkisikia ngurumo, ingieni kwenye nyumba imara au gari lililofungwa. Mti mkubwa si mwavuli. Mkikutwa mbugani hakuna pa kukimbilia, achaneni, msisimame kundi.

Sasa hapa ndipo wengi hukosea. Mtu akipigwa na radi, majirani huogopa kumgusa, wakidhani itawarukia na wao. Haiwezi. Mwili hauhifadhi umeme, mguseni bila hofu. Kama ngurumo bado zinaendelea, msogezeni kwanza mahali salama. Kama hapumui, mlazeni chali, bonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana, huku mwingine akitafuta usafiri. Wakipigwa watu kadhaa, anzeni na aliyenyamaza. Anayelia bado anapumua, anaweza kusubiri kidogo.