Kikao cha Faragha si Kikao cha Siri

Mfasiri akiandika kwamba baraza la jiji lilifanya “mkutano wa siri”, msomaji hudhani kuwa mkutano wenyewe ulifichwa. Sivyo sheria isemavyo. Katika jimbo la California, Marekani, Sheria ya Brown ya mwaka 1953 huwaruhusu madiwani kujifungia kwa mambo maalumu tu, kama vile kesi zilizoko mahakamani, bei ya ardhi na nidhamu ya watumishi. Ajenda ya kikao cha kawaida, ikiyataja mambo hayo, hubandikwa angalau saa 72 kabla. Na baadhi ya maamuzi hutangazwa hadharani baadaye. Kinachositiriwa ni mjadala, si kuwapo kwa kikao. Kwa hiyo twapendekeza “kikao cha faragha”. Neno “siri” libakie kwa wajibu wa diwani wa kutoyatoa nje aliyoyasikia humo.