Likizo ya Thailand: Homa Huvuka Mipaka Pande Zote Mbili

Mkazi wa Nairobi au Dar es Salaam anayepanga likizo nchini Thailand kwa kawaida huanza na tiketi, viza na hoteli. Afya huja mwisho, pengine siku chache kabla ya kuondoka. Uzembe huo hutokana kwa kiasi na dhana kwamba aliyekulia katika nchi ya joto, mvua na mbu hana jipya la kuogopa katika nchi nyingine ya joto, mvua na mbu. Dhana hiyo huweza kumgharimu mtu maisha.

Maandalizi huanza na chanjo ya homa ya manjano. Ugonjwa huo haujaenea barani Asia, lakini mbu awezaye kuueneza yupo. Ndiyo maana Thailand hudai cheti cha chanjo kwa wasafiri wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, zikiwamo Kenya na Uganda. Wengine wathibitishe masharti ubalozini mapema. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 dozi moja hutambuliwa kwa maisha yote. Wenye upungufu mkubwa wa kinga, wenye mzio mkali wa mayai, na wenye umri wa miaka 60 au zaidi ambao hawajawahi kuchanjwa, wamwone daktari kwanza.

Hatari inayofuata ni dengi, ambayo huongezeka nchini humo wakati wa mvua, takriban Mei hadi Oktoba. Mbu wake huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Msafiri avae nguo za mikono mirefu na kujipaka dawa ya kufukuza mbu. Virusi vya dengi viko vya aina nne. Kuugua aina moja huleta kinga ya kudumu dhidi ya aina hiyo tu, na maambukizi ya aina nyingine baadaye huongeza uwezekano wa dengi kali. Kwa hiyo, mtu aliyeugua katika mlipuko wa Mombasa wa mwaka 2013, au ile ya Dar es Salaam ya mwaka 2014 na 2019, ana sababu ya kujihadhari zaidi, wala si kujiona salama.

Mwenye dalili za dengi atumie parasetamoli kwa kipimo sahihi na anywe maji ya kutosha. Aepuke aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, kwani huongeza hatari ya kuvuja damu. Anayemeza aspirini kwa ajili ya moyo asiiache mwenyewe, bali amwone daktari mara moja. Ikumbukwe kwamba hatari huwa kubwa zaidi pale homa inaposhuka. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, kutokwa damu kwenye fizi au kulegea kupita kiasi ni dalili za kukimbilia hospitali.

Malaria nayo husafiri, na mara nyingi hutoka huku kwenda huko. Malaria kali ya falsiparamu kwa kawaida hujitokeza wiki moja hadi nne baada ya mtu kuumwa na mbu. Anayeumwa nyumbani leo anaweza kuanza kutetemeka akiwa Bangkok, jiji lisilo na maambukizi ya malaria, mbele ya daktari asiyeitarajia. Mgonjwa huyo anapaswa kutamka bila kusubiri kuulizwa: "Ninatoka Afrika Mashariki; naomba nipimwe malaria."

Wenye maradhi ya kudumu wana maandalizi ya ziada. Dawa zibebwe kwenye mkoba wa mkononi, katika vifungashio vyake, pamoja na barua ya daktari yenye majina halisi ya dawa. Insulini isiwekwe kwenye mzigo wa chini ya ndege, kwani inaweza kuganda na kuharibika. Thailand iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 4, hivyo ratiba ya sindano ipangwe na daktari kabla ya safari. Dawa kali za maumivu, kama mofini, huhitaji kibali cha mamlaka za Thailand kabla ya kuingia nazo.

Aliyeumwa na mbwa au nyani aoshe jeraha kwa maji tiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kuchanjwa siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mara huua.

Baada ya kurejea, wajibu huwa wa pande mbili. Msafiri akipata homa aeleze alikokuwa. Naye mhudumu wa afya, kipimo cha malaria kinapotoa jibu hasi, asimruhusu mgonjwa aondoke kabla ya kumuuliza swali moja fupi: "Katika mwezi huu, umesafiri kwenda wapi?"