Degedege Haingoji Maji Kujaa

Katika pwani yetu hii, kutoka Somanga hadi Mchinga, na katika visiwa vya Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Songo Songo, yako maradhi mengi yajulikanayo kwa majina; lakini ni machache yatajwayo kwa sauti ya chini kama degedege. Mtoto aliyelala na homa hukakamaa ghafla, macho yakageuka juu, mikono na miguu ikatupwatupwa, na povu likamtoka kinywani. Mama hupiga ukelele, majirani hujaa uani, na kila mmoja huja na lake. Katika dakika hizo chache huamuliwa mambo makubwa, na mara nyingi mwamuzi huwa ni hofu. Ndiyo maana tumeona yafaa tuizungumze degedege waziwazi, mbele ya wananchi wa visiwani na mbele ya viongozi waliokabidhiwa afya yao.

Jina lenyewe lina historia. Wazee wetu waliihusisha hali hii na dege, yule ndege au nondo wa usiku, ambaye walisema kivuli chake kikimwangukia mtoto mchanga hupatwa papo hapo. Imani hiyo si ya Kilwa peke yake. Watafiti walioandika mwaka 1996 juu ya Wilaya ya Bagamoyo waliikuta huko pia, pamoja na dawa zake: kuogeshwa kwa maji ya majani na kufukizwa moshi, hata wa mavi ya tembo. Na pamoja na dawa hizo hutajwa mwiko mmoja mzito, kwamba mtoto wa degedege asichomwe sindano, kwa kuwa sindano itamuua.

Hatuandiki haya ili kuwacheka wazee. Mtu mzima hashiki imani miaka na miaka bila ya kuona kitu kilichomfanya aamini. Yafaa basi tuulize wazee waliona nini.

Elimu ya uganga wa kisasa yatuambia kwamba mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 aweza kupatwa na mtukutiko kwa sababu ya homa peke yake. Katika nchi nyingi zilizochunguzwa, watoto wapatao 2 hadi 5 katika kila 100 hupatwa nao angalau mara moja. Mara nyingi mtukutiko huo huisha wenyewe kwa dakika chache, mtoto akalala kidogo, akaamka, akamtambua mama yake. Haumharibu akili, wala haumzuii kusoma shuleni. Mtoto mmoja katika kila watatu huenda akapatwa tena siku nyingine, nao wengi huuacha wanapokua.

Sasa na tutazame. Ikiwa mtukutiko huisha wenyewe, basi yeyote aliyekuwepo wakati ule ndiye atakayepewa sifa. Kama ni moshi uliofukizwa, moshi umeponya; kama ni majani, majani yameponya. Wazee hawakusema uongo. Waliona mtoto akipona.

Lakini iko degedege nyingine, ambayo kwa macho ya mzazi haitofautiani na ile ya kwanza. Hiyo ni ile inayotokana na malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Mikoa yetu ya kusini mashariki, Lindi na Mtwara, imo miongoni mwa mikoa ambayo malaria ingali na nguvu. Mtoto wa namna hii hatukutiki mara moja akaamka. Hutukutika tena na tena, au hunyamaza asizinduke. Huyu naye hufukizwa na kuogeshwa, siku ikapita, usiku ukapita, na ndipo apelekwapo hospitali akiwa taabani. Huko huchomwa sindano, na akifariki, jamaa hurudi nyumbani na hukumu moja: sindano imeua. Kumbe kilichoua ni ugonjwa uliopewa muda wa kuua. Hivyo ugonjwa mwepesi umempa mganga sifa asiyoitenda, na ugonjwa mzito umeipa sindano lawama isiyostahili. Mwiko wote wa sindano umejengwa juu ya mizani hiyo iliyopinda.

Ukweli ni kinyume. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, wakiwamo watoto wa Muheza na Korogwe katika Mkoa wetu wa Tanga. Waliotibiwa kwa sindano ya kwinini walifariki karibu 11 katika kila 100. Waliotibiwa kwa sindano ya artesuneti walifariki kati ya 8 na 9. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani limeagiza artesuneti itumike kwa watoto wa Afrika wenye malaria kali. Sindano hiyo ndiyo inayomrudisha mtoto kwao, ila haiwezi kumrudisha yule aliyecheleweshwa.

Basi mzazi afanye nini? Kwanza, amlaze mtoto kwa ubavu juu ya mkeka, mbali na moto na taa, mate yapate kutoka. Amlegeze nguo. Asimbane mikono na miguu, wala asimtie kijiko au kidole kinywani. Kijiko chaweza kumuumiza mtoto meno na kinywa. Asimnyweshe kitu chochote mpaka azinduke kabisa, iwe maji, vidonge, dawa ya majani au kombe, kwa kuwa asiyejitambua hawezi kumeza, na kinywewacho huingia mapafuni. Atazame saa. Zikipita dakika 5 bila ya mtukutiko kukoma, au ukirudi siku ile ile, au mtoto asipozinduka, au shingo ikawa ngumu, au mtoto akiwa hajatimiza miezi 6, hiyo ni safari ya haraka isiyo na mjadala. Na hata mtukutiko ukikoma mapema, katika nchi ya malaria kama yetu mtoto huyo apelekwe siku hiyo hiyo akapimwe damu. Dawa ya kushusha homa humpunguzia mtoto maumivu, lakini haizuii degedege isirudi. Mzazi aliyempa dawa hiyo asijione amemaliza kazi.

Wako watakaouliza: na dua? Dua isomwe. Hakuna mwenye imani anayekataza mzazi kumlilia Mola wake, na dini yenyewe imehimiza watu watafute matibabu. Lakini dua yaweza kusomwa ndani ya mashua kama isomwavyo barazani, na haikuwekwa iwe sababu ya kukawia pwani. Waganga wetu wa jadi nao tunawaomba washirikiane. Mganga akimwona mtoto wa degedege, heshima yake haitapungua kwa kusema, "Mwahisheni hospitali kwanza." Itazidi.

Hayo ni ya mzazi. Yako ya viongozi, na haya hatuwezi kuyafunika.

Mama wa kisiwani aliyekubali kila neno tulilolisema bado ana bahari mbele yake. Usiku wa kusi, maji yamekupwa na dau limelala juu ya mchanga, elimu peke yake haivushi mtu. Tangu mwaka 2004 gesi ya Songo Songo inapita katika bomba chini ya bahari hadi Somanga, na kuendelea mpaka Dar es Salaam, usiku na mchana, bila ya kungoja maji kujaa. Taifa lililoweza kuvusha gesi haliwezi kushindwa kuvusha mtoto.

Njia ya kuanzia ipo. Mfumo wa m-mama, ambao huitwa kwa simu namba 115 bila ya malipo, ulizinduliwa kitaifa mwaka 2022 ili kuwasafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wanapopata dharura. Tunapendekeza mpango wa namna hiyo umfikie na mtoto wa miaka miwili anayetukutika. Kila kisiwa kiwe na chombo kinachojulikana, nahodha anayejulikana, na mafuta yaliyowekwa akiba yasiyoguswa kwa shughuli nyingine. Kila zahanati iwe na kipimo cha malaria, artesuneti, na dawa ya kutuliza mtukutiko iingizwayo kwa njia ya haja kubwa, na awepo usiku mtu ajuaye kuitumia. Mkaguzi afikapo, aulize kwanza habari za vitu hivyo, kabla ya kutia saini kitabu cha wageni.

Tena twawaomba wauguzi jambo moja lisilogharimu hata senti. Mama akifika na mtoto mwenye hirizi shingoni na harufu ya moshi nguoni, asikaripiwe. Anayekaripiwa leo, kesho hatakuja, na jirani yake aliyesikia habari zake hatakuja pia.

Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, na vijiji vikachimba vyoo kwa mikono yao wenyewe. Hawakuletewa amri peke yake. Walielezwa sababu, wakaamua. Degedege yataka kazi ya namna hiyo hiyo: barazani, madrasa, kliniki ya watoto, na pwani wanapogawana samaki. Bibi na shangazi wa mtoto waalikwe mbele, maana wao ndio wanaosikilizwa usiku ule wa ukelele.

Dege wa usiku ametusumbua vya kutosha. Tukishajua kwamba adui ni malaria na ukawiaji, iliyobaki ni chombo, mafuta, dawa na nia. Mzazi atimize wajibu wake wa kuondoka nyumbani mapema, na viongozi watimize wao wa kuhakikisha kwamba akifika pwani atakuta chombo kinamngoja.