Kuseti nywele kwa pini: Umeme hautumiki, lakini muda una bei

MWISHONI mwa mwaka 2023, mgao wa umeme ukiwa umepamba moto nchini, mdogo wangu mwenye saluni mjini Morogoro alipata kazi ya bibi harusi na wapambe wake wanne. Wote walikuwa na nywele zilizotiwa dawa, na wote walitaka mawimbi ya kizamani, kama ya waigizaji wa sinema za Marekani za miaka ya 1940.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Ijumaa mchana umeme ukakatika, na drya zake zote zikabaki mapambo.

“Dada, nitakopa ninunue jenereta,” aliniambia kwenye simu. Nikamuuliza kama wale waigizaji nao walitengenezwa kwa jenereta. Akanyamaza, kisha akacheka. Chuoni alifundishwa kuseti kwa pini, ila hakuwahi kuifanya kuwa biashara.

Maji, pini na subira

Mtindo huu ulishamiri Marekani na Uingereza kati ya miaka ya 1930 na 1950. Wanawake wengi walijiseti wenyewe nyumbani usiku, wakafunga kitambaa, wakalala na pini kichwani na kuchana asubuhi.

Siri yake ni maji. Unywele ukilowa, baadhi ya viungo vidogo vinavyoushikilia kwa ndani huachia. Ukikauka hujiunga upya na kushika umbo ulilokaukia. Ndiyo maana pini zikitolewa nywele zikiwa bado mbichi, kazi yote hupotea. Kwa sababu hiyo hiyo, mawimbi haya hulegea haraka kwenye hewa yenye unyevunyevu kama ya Dar es Salaam au Mombasa.

Nywele zenye unyevu hugawanywa katika vipande vya takriban sentimita 2.5. Kila kipande huchanwa, hukunjwa kuanzia nchani hadi kwenye ngozi ya kichwa kikalala bapa kama sarafu, kisha hubanwa. Mstari mmoja ukikunjwa kuelekea kulia, unaofuata huelekea kushoto. Zikikauka kabisa huchanwa kwa brashi bila woga, mpaka vizingo viungane kuwa wimbi.

Ili zishike, msusi anaweza kutumia jeli ya mbegu za kitani, zao linalolimwa kwa wingi Canada, Urusi na Kazakhstan, na pia katika nyanda za juu za Ethiopia. Robo kikombe ya mbegu huchemshwa katika vikombe 2 vya maji kwa takriban dakika 10 huku ukikoroga. Ichujwe ikiwa bado ya moto, kwani ikipoa huwa nzito na haipiti kwenye chujio. Haina dawa ya kuizuia isiharibike, hivyo ipikwe kidogo kidogo na kuwekwa kwenye friji.

Hesabu ya mdogo wangu

Ndugu msomaji, kazi ilifanyika na bibi harusi alipendeza. Tatizo lilijitokeza Jumatatu tulipokaa na daftari.

Kila mteja alilipa Sh10,000, bei ile ile ya kuseti kwa rola na drya. Jumla ikawa Sh50,000. Msaidizi alilipwa Sh15,000, nauli ya kumfuata bibi harusi asubuhi ikawa Sh12,000, pini na jeli Sh8,000. Kilichobaki ni Sh15,000.

“Si haba,” akasema. “Umeme sikulipia.”

Nikamwomba ahesabu saa. Kila kichwa kilichukua saa moja na nusu kuseti na nusu saa kuchana. Vichwa 5 ni saa 10, kwa hiyo alijilipa Sh1,500 kwa saa. Kwa rola, mikono yake hushughulika na kichwa kimoja kwa nusu saa tu. Muda unaobaki mteja yuko chini ya drya, naye anahudumia mwingine.

Hili ndilo kosa ninalolikuta kila siku kwa wakulima wetu. Familia nzima inapalilia mahindi kwa wiki 2, kisha baba anasema palizi haikumgharimu kitu. Kwa kuwa hakutoa fedha mfukoni, anaamini hakuna gharama.

Historia ya mtindo wenyewe inatufundisha hivyo. Pini ziliwahi kuadimika wakati wa Vita Kuu ya Pili, chuma kilipoelekezwa vitani, lakini mtindo haukufa. Uliosukumwa pembeni baadaye na njia zilizookoa muda: dawa za kukunja nywele nyumbani, rola kubwa na drya. Kampuni ya Gillette iliona soko hilo mapema, ikainunua Toni, watengenezaji wa dawa hizo, mwaka 1948.

Leo mtindo umerudi kama ufundi maalumu. Kule Goodwood, Uingereza, tangu mwaka 1998 hufanyika tamasha la magari ya zamani ambalo wengi huhudhuria wakiwa na mavazi na nywele za enzi hizo. Mteja wa namna hiyo hatafuti kuseti kwa bei rahisi. Anatafuta mkono unaojua.

Ushauri wangu kwa wenye saluni ni huu: andika saa zako kwanza, zizidishe kwa malipo unayostahili, ongeza vifaa, msaidizi na nauli, ndipo utaje bei. Tuseme unataka Sh5,000 kwa saa. Saa 2 ni Sh10,000 kabla hujanunua hata pini moja.

Mdogo wangu hakukopa. Alipiga hesabu upya, akabandika ukutani bei ya Sh20,000 kwa kichwa, kwa miadi na malipo ya awali. Wateja wawili wa kwanza waliisoma wakaondoka. Wa tatu aliketi.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.